Kura ya Lazima: Hakuna Anayekuchagulia Mgombea

Mjadala wa kura ya lazima, yaani sheria inayomtaka kila mpiga kura afike kituoni na kumwadhibu asiyefika bila sababu, haumalizi dakika tano kabla mtu hajauliza: "Na kama wagombea wote siwataki, mtanilazimisha nimchague nani?" Swali hili limeshajibiwa na sheria, limejibiwa na mahakama, na bado linarudi kana kwamba limezaliwa leo asubuhi. Tuanze nalo, kwa sababu likikaa vibaya kila kinachofuata hupinda.

Dhana: Sheria inakulazimisha umchague mtu

Haiwezi. Hata ingetaka, haiwezi. Kura ikiwa ya siri, ofisa wa uchaguzi anaona mambo matatu tu: umefika, umepokea karatasi, umeitumbukiza sandukuni. Yaliyofanyika ndani ya kituturi ni yako.

Chukua Australia, ambako kura ya lazima katika uchaguzi wa taifa imekuwepo tangu 1924. Karani anatafuta jina lako daftarini, analitia alama, anakukabidhi karatasi. Kwa maneno yake sheria inakutaka uiandike karatasi hiyo, uikunje na kuiweka sandukuni, na wanasheria wamelibishania sana neno hilo "uiandike". Lakini karatasi haibebi jina lako wala namba yako. Ukiirudisha tupu au ukichora katuni, hakuna wa kukushtaki, kwa kuwa hakuna anayejua ni yako. Katika uchaguzi wa baraza la wawakilishi wa 2022, zaidi ya karatasi 5 katika kila 100 zilikuwa batili. Nyingine ni makosa ya kweli: pale mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, na akirudia namba moja mara mbili karatasi imeharibika. Nyingine ni watu waliokataa kwa makusudi, wakarudi zao nyumbani bila deni.

Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililijibu suala hilohilo mwaka 1965, katika malalamiko dhidi ya Austria, ambako kumpigia kura rais kulikuwa lazima. Hoja yake ilikuwa fupi: anayelazimika kufika bado anaweza kutoa karatasi isiyo na alama yoyote, kwa hiyo dhamiri yake haijaguswa.

Kinachokataliwa ni kubaki nyumbani kwa madai kwamba hakuna anayekufaa. Mwaka 1926 msoshalisti mmoja aitwaye Judd aliiambia Mahakama Kuu ya Australia kwamba hakupiga kura kwa sababu wagombea wote walitetea ubepari. Mahakama ikasema hiyo si sababu halali na ya kutosha. Ugonjwa, safari au ajali ni habari nyingine, na anayeamini kwamba dini yake inamkataza kupiga kura, sheria inamtambua.

Kama unataka kuipinga sheria ya namna hii, basi pinga kilichomo: dola kumtoa mtu nyumbani kwake siku moja kila baada ya miaka kadhaa. Hiyo ni hoja nzito na inastahili mjadala. Hoja ya kuchaguliwa mgombea ni kumpiga ngumi mtu asiyekuwepo.

Dhana: Faini kubwa ndiyo inayojaza vituo

Australia faini ya kwanza ni dola 20 za huko. Brazil ni reais 3.51, pesa za huko, kwa kila duru, hela isiyomtisha mtu. Nguvu iko kwenye ufuatiliaji. Baada ya uchaguzi wa Australia madaftari hulinganishwa, na ndani ya miezi mitatu kila ambaye jina lake halina alama huandikiwa barua: eleza sababu, au lipa. Ukinyamaza, suala linaweza kwenda mahakamani, na huko faini hupanda na gharama za kesi huongezeka. Brazil asiyefika ana siku 60 baada ya kila duru kutoa sababu. Akishindwa na asilipe, anakwama anapoomba pasipoti au kazi ya serikali, na akikosa mara tatu mfululizo bila maelezo wala malipo, usajili wake hufutwa. Bolivia hukuta mlango wa benki umefungwa kwa siku 90 kama huna cheti cha kupiga kura au cha udhuru.

Na wakati mwingine maandishi ya sheria pekee yanatosha. Ubelgiji kwa miaka mingi waendesha mashtaka hawajajishughulisha na wasiopiga kura, lakini zaidi ya asilimia 85 wameendelea kufika kwenye uchaguzi wa taifa. Eneo la Flanders lilipoondoa ulazima kwa uchaguzi wa mitaa, Oktoba 2024 walifika takriban asilimia 63. Uholanzi iliona hivyohivyo: karibu asilimia 95 mwaka 1967, kisha takriban asilimia 79 mwaka 1971, ulazima ulipokuwa umefutwa.

Ila haya yote hayafanyi kazi bila daftari safi, na hapa ndipo wanaharakati wa kura ya lazima wanaponichosha kuliko wapinzani wake. Wanaanza na kiwango cha faini. Anzeni na daftari! Kama marehemu hawafutwi na waliohama hawahamishwi, barua zenu zitawadai wafu. Chile ilikaa miaka mingi na mfumo wa ajabu: kujiandikisha ni hiari, lakini ukishajiandikisha kura ni lazima. Vijana wakafanya hesabu nyepesi, hawakujiandikisha. Mwaka 2012 mambo yakageuzwa, uandikishaji ukawa wa moja kwa moja na kura ikawa hiari, na waliojitokeza wakapungua sana. Kwenye kura ya maoni ya katiba ya Septemba 2022 vyote viwili vilikutanishwa, daftari la moja kwa moja na ulazima, na wakafika takriban asilimia 86.

Kisha njia za kupiga kura. Australia hupiga kura Jumamosi, ina kura ya mapema, kura ya posta, na maofisa wanaopeleka masanduku hospitalini na vijiji vya mbali. Serikali isiyoweza kumfikishia mtu sanduku haina uso wa kumtoza faini.

Dhana: Kura batili zikizidi nusu, uchaguzi unafutwa

Uvumi huu huzuka Brazil kila msimu wa uchaguzi. Chanzo chake ni kifungu cha 224 cha sheria ya uchaguzi, kinachozungumzia kura zilizobatilishwa na mahakama, kwa mfano kwa udanganyifu. Kura tupu na zile zilizoharibiwa kwa hasira huwekwa kando tu, na asilimia hupigwa kwa kura halali. Maana yake ni kwamba kadiri unavyoharibu, anayeongoza anahitaji kura chache zaidi kushinda. Peru ni tofauti: huko katiba inaubatilisha uchaguzi pale karatasi tupu na zilizoharibika zinapozidi theluthi mbili. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kusambaza ujumbe.

Dhana: Ni mambo ya madikteta

Hizi ni demokrasia zenye kura ya lazima: Ubelgiji, tangu 1893. Argentina, tangu 1912. Luxembourg na Uruguay zimo pia. Tuendelee.

Dhana: Wasiojua siasa watachagua ovyo

Wapo wanaoanza na jina la juu na kushuka wakiandika 1, 2, 3 hadi chini, na tatizo lao lina dawa ya kiufundi. Zamani Australia iliorodhesha wagombea wa baraza la wawakilishi kwa alfabeti, na anayeanza na A alipata upendeleo wa bure. Tangu 1984 nafasi hupangwa kwa kura ya bahati nasibu. Tasmania imekwenda mbali zaidi: katika uchaguzi wa bunge lake la chini, karatasi huchapishwa kwa mipangilio tofauti ya majina, kila mgombea akipata zamu yake ya kukaa juu katika safu ya chama chake, na kura za ovyo zinagawanyika karibu sawa kwa wagombea wa safu hiyo.