Kumfunga Mtu Macho Peke Yake Si Mchezo

Dhana: Ukishafunga watu vitambaa machoni, mchezo umepatikana.

Ukweli: Umepata watu wasioona, basi. Mara ya kwanza nilipojaribu, kwenye ukumbi mmoja Uyole, Mbeya, vijana kumi na wawili walifungwa vipande vya khanga wakaambiwa watafutane. Haikupita muda, karibu wote walikuwa wameganda ukutani. Safari ya pili nikatia punje za mahindi kwenye chupa ya maji, mmoja akawa anatembea nayo huku wengine wanamwinda. Kisha nikagawa upungufu: kila timu ina anayeona lakini haruhusiwi kusema, na wanaosema lakini hawaoni. Yule bubu anapiga makofi, anakanyaga sakafu, anatamani kulia. Hapo ndipo kelele za raha zilipoanza.

Dhana: Macho yakifungwa, masikio yanakuwa makali papo hapo.

Ukweli: Masikio ni yale yale, ila sasa unayasikiliza. Sauti ikitoka kushoto, sikio la kulia huipata ikiwa imechelewa kwa chini ya sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, na ubongo hujua upande kwa tofauti hiyo ndogo. Ya mbele na ya nyuma, lakini, hufika masikio yote kwa pamoja, kwa hiyo mchezaji huchanganyikiwa mpaka ageuze kichwa. Usimkataze kugeuka. Filimbi nayo iache: mlio wake mwembamba ni mgumu kuuelekea kuliko mchakacho wa mahindi. Na mvua ya Tukuyu ikishaanza kupiga bati, ahirisheni tu.

Dhana: Ukiziba na masikio pia, utamu unaongezeka.

Ukweli: Hapana. Kila mtu anabaki peke yake.

Dhana: Hii ni michezo ya kitoto, au ya kuwahurumia wasioona.

Ukweli: Goliboli, mchezo wa mpira wa wasioona, ilibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na mwaka 1976 ikaingia rasmi kwenye Paralimpiki, michezo ya dunia ya wenye ulemavu, Toronto. Watatu kwa watatu, mpira wa kilo 1.25 wenye kengele ndani, watazamaji kimya. Wachezaji wote hufunikwa macho, hata anayeona kidogo, ili asiwepo wa kuwazidi wenzake. Mistari ya uwanja ina kamba chini ya utepe, mchezaji aipapase ajue alipo.

Hiyo kamba nimeiiga, ili watu wauone mpaka wa uwanja kwa vidole vya miguu. Shida ni Julai ya Mbeya: hakuna anayekubali kuvua viatu kwenye sakafu ya saruji.