Bluetooth kwenye gari la zamani: anza na redio, dukani baadaye

Wenye magari wa hapa Mbeya huniuliza sana jinsi ya kufanya simu isikike kwenye spika za gari. Mara nyingi anayeuliza ameshanunua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara, amekitoa Mwanjelwa, na kinakoroma kuliko kinavyoimba. Mimi ni fundi umeme wa magari. Ningependa mtu aikague redio yake kabla hajatoa hela, maana redio ndiyo inayoamua njia ipi itakufaa na ipi itakusumbua kila safari.

Kidude hicho kinapokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kisha kinaurusha tena kama kituo kidogo cha FM, na redio yako inaunasa kama inavyonasa kituo kingine chochote. Hapo ndipo penye mgogoro. Magari yetu mengi yametoka Japani, na redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, yaani 76 hadi 90, ambayo baadaye yaliongezwa hadi 95. Huku kwetu FM inaanzia 87.5 na kuishia 108, na vidude vinavyouzwa vimepangwa kwa masafa hayo ya kwetu. Redio ya zamani na kidude vinakutana kwenye kipande chembamba tu, kati ya 87.5 na 90. Ukikiweka kidude kwenye 101, utazungusha redio mpaka ufike Tukuyu na hutakisikia. Kama redio haina ekspanda, yaani kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya antena na redio na kushusha masafa, weka kidude 87.7 au 88.3, jaribu moja baada ya nyingine ndani ya kipande hicho, na uchague pale ambapo hakuna kituo kabisa.

Ikiwa ulifungiwa ekspanda, hesabu inabadilika. Ekspanda inashusha kila kinachoingia kwa kiasi kilekile. Tuseme yako inashusha kwa 18: kituo cha 100 utakikuta kwenye 82, na kidude ulichokiweka 106.1 utakikuta kwenye 88.1. Kwa ekspanda ya namna hiyo, cha chini kabisa unachoweza kukipata ni 94, kwa sababu 94 ukitoa 18 inabaki 76, na redio haishuki zaidi ya hapo. Ndiyo maana watu wanalalamika kwamba baadhi ya vituo vya mjini havishiki kwenye gari lao hata wakiwa Kabwe katikati. Spika hazina kosa. Kiwango cha kushusha huwa kimeandikwa kwenye kiboksi chenyewe, kwa hiyo kisome kabla hakijarudishwa nyuma ya dashibodi.

Hata ukipatia masafa, kwa msafiri wa barabara hii ya TANZAM bado ninasita kukipendekeza. Nafasi iliyo tupu Mbeya inaweza kuwa na kituo Makambako, na nyingine ikajaa ukikaribia Iringa. Unajikuta unabonyeza kidude huku unaendesha. Mtu anayeshuka Kitonga nyuma ya lori lililobeba mzigo hapaswi kuwa na mkono wala jicho kwenye kitu kingine. Kama huna njia nyingine, kitumie kwa mizunguko ya mjini, na ukisafiri badilisha masafa ukiwa umesimama.

Sasa geukia redio. Tazama usoni kama kuna tundu dogo la duara lililoandikwa AUX. Kama lipo, umeshapona nusu: nunua kipokezi cha Bluetooth chenye plagi ya milimita 3.5, kichomeke, na sauti itaingia moja kwa moja bila kupita hewani. Kama usoni hamna, usikate tamaa, kwani redio nyingi za Kijapani zenye ramani zina waya za sauti upande wa nyuma, ncha nyekundu na nyeupe, ambazo hazijaguswa tangu gari lishuke melini. Nyingine zina plagi ya nyuma iliyokusudiwa kubadilishia CD, na kuna vifaa vinavyochomekwa hapo vikaidanganya redio iamini kwamba imefungiwa mashine ya CD. Kwa redio ya kaseti, ile kaseti yenye waya bado inafanya kazi vizuri ikiwa kichwa cha kusomea kimesafishwa kwa spiriti. Tatizo ni kwamba simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, iPhone zikianza na iPhone 7 ya mwaka 2016, kwa hiyo hapo pia utahitaji kipokezi katikati.

Wanaotumia AUX huwa wanarudi na lalamiko moja: mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Mluzi huo unatoka kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Kipokezi kinachukua umeme kwenye tundu la kiwashia sigara, na waya wake wa sauti unaungana na redio, basi upande wa hasi wa umeme unakuwa umefika kwenye redio kwa njia mbili tofauti, na tofauti ndogo ya umeme kati ya njia hizo inaingia kwenye spika kama kelele. Jaribio lake ni rahisi: chomoa chaji ya kipokezi kikiwa kinafanya kazi kwa betri yake ya ndani. Mluzi ukikatika papo hapo, umempata mchawi. Dawa ni kutumia kipokezi kwa betri yake tu, au kufunga kwenye waya wa sauti kile kichujio kidogo chenye transfoma ndani, ambacho kinapitisha sauti bila kuunganisha hasi mbili. Usikubali fundi anayekimbilia kukubadilishia spika kabla ya jaribio hili.

Kuna magari ambayo tayari yana Bluetooth, na mwenye gari hajui, au inagoma na simu mpya. Hapa ndipo watu wanapoteza hela zaidi, kwa kuitoa redio nzima iliyo salama. Cha kwanza ni kumbukumbu ya redio. Redio za zamani zinahifadhi simu chache tu, na gari lililopitia mikono mingi huwa limejaa simu za wenyewe wa Japani na za madalali. Futa zote. Kama maandishi ni ya Kijapani, elekeza kamera ya simu ya mwenzako kwenye kioo cha redio ukitumia Google Translate, utasoma menyu yote. Kisha futa jina la gari kwenye simu yako pia, maana kufuta upande mmoja tu hakusaidii. Redio za kabla ya Bluetooth 2.1, toleo la mwaka 2007, zitakudai namba ya siri, na karibu kila mara ni 0000 au 1234.

Ikiunganika lakini simu zinapita na muziki haupiti, fahamu kwamba hizo ni kazi mbili tofauti ndani ya Bluetooth. Redio nyingi za zamani zilipewa ya kupiga simu peke yake, na hakuna mpangilio wa simu utakaoongeza muziki. Hapo acha Bluetooth ya redio ibebe simu, muziki uupitishe AUX. Lakini kama kitabu cha redio kinasema muziki unakubali, ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, gusa jina la gari, uone kama swichi ya muziki imezimwa. Wenye Android wana dawa moja zaidi ambayo wengi hawaijui. Gusa Nambari ya Muundo mara saba ili kufungua Chaguo za Wasanidi Programu, tafuta toleo la AVRCP, yaani lugha ambayo simu na redio hutumia kuamrishana nyimbo, shusha hadi 1.4 au 1.3, kisha uzime na kuwasha Bluetooth. Simu mpya huzungumza toleo jipya ambalo redio ya zamani hailielewi. Matokeo yake nyimbo haziruki, au muziki unaanza na kukata.

Sauti ya simu ikiwa nyembamba kwenye redio hizo, ndivyo ilivyo. Mfumo wao wa simu unapitisha sauti finyu, na sauti pana ilikuja na toleo la mfumo huo la mwaka 2011.

Kuhusu maiki nina msimamo mkali. Watu wanaibandika juu ya dashibodi kwa sababu waya ni mfupi, na hapo ndipo pabaya kuliko pote. Barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu ina ukungu na mvua karibu mwaka mzima, kila dereva ana feni inayopuliza kioo cha mbele, na upepo huo unapita juu ya maiki. Mwenzako anasikia kimbunga. Pitisha waya ndani ya nguzo ya kioo na uiweke maiki karibu na kizuia jua, ikielekea mdomoni. Kama watu hawakusikii kabisa, usiilaumu simu: baadhi ya redio za Japani ziliuzwa bila maiki, tundu lake liko tupu nyuma.

Kama imebidi ubadilishe redio, pima kwanza. Toyota nyingi za Japani zina nafasi ya milimita 200 kwa 100, wakati redio ya kawaida ya nafasi mbili ina upana wa 180, kwa hiyo unahitaji vipande vya kuziba pembeni. Kwenye plagi ya Toyota, waya wa bluu wenye mstari wa njano ndio wa umeme wa kudumu, wa kijivu unapata umeme ukigeuza ufunguo, na wa kahawia ni hasi. Hata hivyo pima kwa mita, kwa sababu hujui nani aliingia humo kabla yako. Plagi za njano chini ya dashibodi ni za mifuko ya hewa, usiziguse. Na kabla ya kuchomoa betri ya gari lenye redio ya ramani, shikilia umeme kwa betri ya pili: baadhi ya redio hizo zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri au kadi yake ya ramani, na kuifungua kunaweza kukugharimu kuliko kipokezi chenyewe.

Madereva wa malori yanayokwenda Tunduma, gari lako lina volti 24. Soma kwenye kifaa kama kimeandikwa 12–24V kabla ya kukichomeka. Ukifunga redio ya volti 12, tumia kibadilishi cha 24 kwenda 12. Usiwaruhusu wakuchukulie volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, hata wakikuambia kila lori linafanya hivyo. Betri hiyo itakuwa inaishiwa huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya muda utanunua zote mbili.