"Mwalimu, Mbona Nyumbani Alikuwa Anaelewa?"

Jumamosi saa nne asubuhi mama mmoja aliniletea karatasi ya mtihani wa mazoezi ya mwanawe wa Kidato cha Nne, akaitua mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza kwa muuzaji wa Feri. Alama 31. "Mwalimu, mbona nyumbani alikuwa anaelewa? Kila jioni yuko kwenye simu anasoma na ChatGPT. Nikimuuliza, ananiambia ameelewa."

Alikuwa mzazi wa tano mwezi huo kuniambia hivyo. Wote watano wana haki ya kushangaa, ila mimi nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Nafundisha tuisheni huku Sinza, Dar es Salaam, Historia na Kiswahili. ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayojibu maswali, ilipotoka Novemba 2022 niliipuuza. Leo hakuna benchi chumbani kwangu lisilo na simu yenye akili mnemba ndani yake, na sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe naitumia kutunga maswali. Ugomvi wangu ni na imani zinazotembea nayo, hasa hii ya kwanza.

"Akisoma maelezo akayaelewa, basi amejifunza"

Hapana. Kaa dukani kwa fundi cherehani umtazame akikata gauni: kila mkato utauelewa. Kisha akupe mkasi wewe.

Yule kijana nilimwita pembeni nikamwuliza chanzo cha Vita vya Maji Maji, mada aliyoisoma usiku wa kuamkia jana. Akajibu haraka: "Kulikuwa na sababu za kiuchumi, za kisiasa na za kijamii." Haya, za kiuchumi ni zipi? Kimya. Akatazama dari. Nikamwomba afungue simu tuone alichosoma, na jibu lote lilikuwapo: pamba ya kulazimishwa, kodi, mashina ya pamba yaliyong'olewa Nandete kwenye vilima vya Wamatumbi Julai 1905, Kinjekitile Ngwale na maji yake kule Ngarambe. Yote ameyaona. Kichwani vimebaki vichwa vya habari vitatu, ambavyo angeweza kuvitaja hata bila kusoma, kwa sababu vita gani haina sababu za kiuchumi, kisiasa na kijamii?

Zamani ugonjwa huu tuliuita kudesa. Unapewa madesa ya kaka aliyemaliza mwaka jana, unayameza, unaingia kwenye pepa. Lakini desa la zamani lilikuwa na msaada wake wa bahati mbaya: mwandiko mbovu, kurasa mbili zimepotea, mshale unaoelekea kusikojulikana. Ulilazimika kulifumbua, na katika kulifumbua kitu kikabaki. Akili mnemba inakupa desa lililonyooka, lenye vipengele, kwa upole, hata saa nane ya usiku. Macho yanateleza juu yake. Mtoto anaona jinsi linavyosomeka kwa urahisi, anadhani litakumbukika kwa urahisi huohuo. Wala hasemi uongo anapomwambia mama yake kwamba ameelewa. Kwa dakika ile ameelewa kweli.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena. Jingine halikurudia kukisoma, lilipewa karatasi liandike linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wao walikumbuka kama asilimia 42, na waliojilazimisha kukumbuka asilimia 56. Dakika tano ndizo mzazi anazoziona sebuleni. Wiki moja ndiyo naiona mimi kwenye karatasi.

Na kama unadhani hayo ni ya enzi za kabla ya simu janja, Uturuki walifanya jaribio la hisabati kwa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari, likatangazwa 2024. Kundi lililopewa akili mnemba ya kawaida lilifanya mazoezi vizuri kuliko wasiokuwa nayo, kwa asilimia 48. Ukija mtihani, chombo kikaondolewa, wakawa chini ya wenzao ambao hawakuwahi kukigusa, kwa asilimia 17. Wengi walikuwa wakiomba jibu tu. Na wao wenyewe hawakujiona kama wamejifunza kidogo.

Kundi la tatu lilipewa akili mnemba iliyofungwa breki: inatoa dokezo, haitoi jibu. Hao kwenye mazoezi waliruka kwa asilimia 127, na kwenye mtihani hawakuporomoka. (Hawakuwazidi pia wale wasiopewa akili mnemba. Nasema hili kwa wanaotaka kuniuzia programu za kufundishia.)

Kwa hiyo sijamwambia mama amnyang'anye mtoto simu. Nimempa dawa yangu ileile ninayompa kila mtu mpaka wananicheka: karatasi tupu. Soma, zima simu, ichukue karatasi isiyo na kitu, andika kila unachokumbuka kwa maneno yako mwenyewe mpaka uchukie. Kisha fungua simu, sahihisha kwa peni nyekundu. Wekundu ndio ulichokuwa hujui ukidhani unajua. Usipokuwa na karatasi, tumia safari. Kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa basi la mwendokasi unaweza kuisimulia Maji Maji nzima moyoni, na Jangwani pakifurika una muda wa kuongeza na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Na simu ikiwashwa, iandikie hivi: "Niulize maswali matano kuhusu Maji Maji, moja baada ya jingine. Usinipe jibu mpaka nijaribu." Chombo ni kilekile, ila sasa anayetoka jasho ni mtoto.

"Ni kama kikokotoo tu, hata hicho walimu mlikipinga"

Kikokotoo hakikusomei swali. Wewe ndiye uliyeamua kwamba hapa ni kugawanya si kuzidisha, chenyewe kikamalizia hesabu. Akili mnemba inasoma swali, inaamua njia, inapanga hoja, inaandika hitimisho. Ukiipa kazi hiyo yote, umebaki na kazi ya kunakili.

"Inaua ubunifu" na pacha wake "Inaongeza ubunifu"

Wote wawili huja mlangoni kwangu, wakati mwingine siku moja. Mwaka 2024 Anil Doshi na Oliver Hauser walichapisha utafiti ambamo watu walitunga hadithi fupi, baadhi yao wakiwa wamepewa mawazo ya kuanzia na akili mnemba. Waliosaidiwa walipata sifa zaidi kwa wasomaji, hasa wale ambao kwa kawaida ubunifu wao si mkubwa. Lakini zilipowekwa pamoja, hadithi zao zilifanana kuliko za wasiosaidiwa. Kila mmoja amepanda, darasa zima limekuwa mtu mmoja.

Hilo nililiona kabla sijausoma utafiti. Insha 19 za "Siku Nisiyoisahau", 11 zinaanzia kwenye kijiji kando ya mto, na mzee mwenye busara anatokea kabla ya aya ya tatu. Watoto wa Manzese na Tandale hao. Mto wanaoujua ni Msimbazi, na hakuna hata mmoja aliyeutaja, ingawa siku zisizosahaulika umewapa nyingi.

Mzazi mmoja, msanii, alinibishia kwamba wachoraji wa Tingatinga nao wananakiliana miaka nenda rudi. Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alifariki 1972, na waliokaa chini yake walianza kwa kunakili. Ila walinakili kwa mkono, kwa rangi ya mafuta isiyofutika kirahisi, na mkono ukikosea mara mia unapata namna yake ya kukosea. Hapo ndipo chui wa huyu anapoanza kutofautiana na chui wa yule. Mtoto anayenakili kwa kubonyeza hana mahali pa kukosea.

Ushauri wangu hapa ni wa mpangilio tu: andika rasimu yako kwanza, hata iwe mbaya, ndipo uiulize mashine maoni. Ukianza nayo, wazo lake linakaa kichwani kama mgeni asiyeaga.

"Kuna programu inayotambua kazi iliyoandikwa na mashine, tuwapime"

Imani hii ni ya walimu wenzangu. OpenAI, hao hao waliotengeneza ChatGPT, walitoa kitambuzi chao mwaka 2023, kikawa kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia binadamu mara 9 kati ya 100. Julai mwaka huohuo wakakiondoa. Na watafiti wa Stanford walipopitisha kwenye vitambuzi insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa za mashine. Sasa fikiria mtoto aliyesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, anaandika Kiingereza cha tahadhari, sentensi fupi, maneno ya kitabuni. Unamwita mwizi kwa sababu programu imesema. Mwite mbele ya meza yako, mwambie akueleze aya ya pili. Dakika mbili zinatosha.

"Kiswahili inakijua vizuri"

Inakijua vizuri kiasi cha kukudanganya. Mashine hizi zimelishwa Kiingereza kwa wingi kuliko lugha nyingine yoyote. Mwezi uliopita nilisahihisha insha yenye "methali ya wahenga" isemayo jiwe linalobingirika halikusanyi ukungu. Wahenga gani? Huyo ni Mwingereza aliyevaa kanzu. Kumwelezea mtoto usanisinuru kwa Kiswahili pale kitabu cha Kiingereza kinapomshinda, sawa, inasaidia mno. Methali muulize bibi.

Wakati wa kuondoka yule mama aliuliza swali la mwisho: je, amlipie mwanawe ile ya kulipia kwa mwezi, yenye akili zaidi? Nikamtuma duka la vifaa vya shule akanunue kaunta buku ya kwaya tatu na peni nyekundu mbili. Jumamosi ijayo kijana anakuja nayo, kurasa nne za kwanza Maji Maji, na nitaanza kwa kuhesabu wekundu.