Programu ya kugawa kazi haimfuti mpangaji

Wenye kampuni za mafundi wa viyoyozi, friji au intaneti wengi huamini kwamba wakishanunua programu ya kugawa kazi na kupanga njia, yule mpangaji wa ofisini, anayewapangia mafundi kazi za siku, hahitajiki tena. Si kweli.

Hesabu programu inaiweza, tena sana: wateja 10 wanaweza kupangwa kwa mpangilio 3,628,800 tofauti, na hakuna binadamu wa kuipitia yote. Lakini inapanga kwa kile ilichoambiwa tu. Ukiiandikia kwamba kiyoyozi hutengenezwa kwa saa moja, itaamini saa moja, hata kama fundi akifungua anakuta kompresa imeungua na lazima aende Kariakoo kutafuta nyingine. Ratiba ya mchana imekufa hapo, na wateja watatu wanapiga simu.

Dar es Salaam kuna pia Jangwani, eneo la bondeni: mvua kubwa ikinyesha, maji hukata barabara, na ramani inaweza kuchelewa kujua. Uswahilini nyumba hutafutwa kwa "ukifika kwa muuza mkaa kata kushoto"; alama ya ramani inaweza kukuacha ng'ambo ya mtaro. Na mpangaji mzoefu anajua fundi gani asipelekwe tena kwa yule mteja mkali. Hilo halina kisanduku cha kujaza kwenye programu.