Maji, Mbolea na Uhai wa Kiazi Kitamu Baada ya Kuchimbwa

Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, viazi vitamu hutafutwa sana kwa futari Unguja na Pemba, na wapo wakulima wanaochimba mapema wakisubiri bei, kisha wakakuta viazi vimeoza kabla ya kufika sokoni. Lawama hutupiwa ghala, ilhali mara nyingi chanzo kiko shambani, katika namna ya kumwagilia na kutia mbolea.

Wiki sita za mwanzo ndizo nzito zaidi, kwa kuwa ndipo baadhi ya mizizi huanza kunenepa kuwa viazi. Udongo ukikauka wakati huo, mizizi hukakamaa ikabaki nyuzi, na maji ya baadaye hayairekebishi. Maji yakituama, kama inavyotokea katika mabonde yanayopandwa viazi baada ya mpunga kuvunwa, mizizi hukosa hewa ikaoza. Kwa hiyo huko matuta yainuliwe zaidi kuliko kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe, ya Micheweni kule Pemba, ambako maji hupotea upesi. Viazi vinapokaribia kukomaa, ukame unaofuatiwa ghafla na maji mengi huvipasua. Tuta nalo likipasuka kwa ukavu, fukusi hupata njia ya kukifikia kiazi, na kiazi alichokitoboa huwa kichungu kiasi cha kutofaa kupewa hata ng'ombe.

Naitrojeni nyingi, hasa urea iliyotiwa kwa kuchelewa, hulea majani. Anayeuza matembele atafurahi, lakini anayetaka viazi atachimba vichache. Zao hili huhitaji potasiamu zaidi, nayo imo katika majivu ya kuni yanayotupwa kila siku majikoni mwetu, jambo linalonisikitisha. Samadi nayo ioze vizuri na ichanganywe na udongo kabla ya kupanda.

Umwagiliaji usimamishwe wiki mbili hadi tatu kabla ya kuvuna. Viazi vikishachimbwa visioshwe, bali viwekwe kivulini siku 4 hadi 7, penye joto la nyuzi 29 hadi 32 na unyevu mwingi hewani, ili michubuko ya jembe ipone. Joto hilo tunalo visiwani. Tusilo nalo ni ubaridi wa nyuzi 13 hadi 15 unaohifadhi viazi kwa miezi. Kwa hiyo ni bora mkulima apande kwa awamu, akihesabu miezi mitatu hadi mitano ya kukomaa, ili achimbe karibu na siku ya kuuza.