Kabla ya Kukata Mugumo, Tazama Shimo Lake

Tangu kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 ianze, tunapokea barua za aina moja: mwenye ploti anaomba kuondoa mugumo mkubwa (mti wa jamii ya mkuyu), naye anaahidi kupanda miche kumi badala yake. Nia ni njema. Hesabu ndiyo mbovu.

Migumo haizai kwa pamoja kama miembe. Wa uani kwako ukiiva leo, wa jirani utaiva wiki nyingine kabisa, na ndiyo maana kima wa misitu ya City Park na Karura jijini Nairobi hupata tunda hata miti mingine ikiwa mitupu. Kuzaa huko hutegemea nyigu mdogo mno. Jike hujipenyeza ndani ya tunda changa, ambamo maua yamejificha, akachavusha na kutaga mayai. Binti zake wakitoka hawana budi kupata mugumo mwingine ulio tayari. Kata mmoja, unapunguza kituo kimoja njiani.

Malalamiko mengi ni ya popo. Hawakuhamia kwako, wanakula usiku na kuondoka na mbegu. Huenda mugumo wenyewe uliota kutokana na kinyesi cha popo au ndege, juu ya panda ya mti mwingine. Mizizi yake huukumbatia mti ule hadi ukafa na kuoza, ukaacha uwazi shinani. Mche hauna uwazi huo, wala hautaupata mwaka ujao.

Humo hulala komba, bundi na perere (pimbi wa mitini, ambaye kilio chake cha usiku wageni wa mtaa wa Karen hudhani ni cha mtu anayenyongwa). Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, naye huangulia shimoni. Jike huingia, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Dume humletea matunda na kumlisha kupitia ufa huo kwa wiki nyingi. Msumeno ukipita wakati huo, jike na makinda wamo ndani.

Sasa utaratibu, kwa kuwa wengi huanza na fundi wa msumeno halafu ndipo waje kwetu. Omba kibali cha kaunti kwa maandishi, hata kama mti uko ndani ya ua wako. Ambatanisha picha za shina, mizizi na nyumba iliyo karibu. Subiri afisa akague. Kibali cha kupogoa si kibali cha kukata. Ni karatasi mbili. Ndani ya msitu wa umma, kukata bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016: faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. "Sikujua" si kibali.

Mugumo wa Waiyaki Way jijini Nairobi, uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya Expressway, ulinusurika 2020 kwa amri ya Rais. Wako unalindwa na wewe na fundi wako, kwa hiyo mwambie atazame juu kwanza. Akiona shimo lililozibwa kwa udongo na ufa katikati, ashuke, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liarifiwe siku hiyo hiyo.