Hewa kwenye breki: yanayosemwa Bukavu na yaliyo kweli

"Pedali ikilegea, ongeza mafuta ya breki, imekwisha." Ushauri huu utaupata kando ya barabara yoyote ya Bukavu, na ndio wa hatari kuliko yote. Mafuta ya breki hayaunguzwi kama mazuti. Yakipungua koponi, yaani kwenye kopo la gari yanamokaa, ama plaketi (vibao vinavyobana diski za magurudumu) zimelika na pistoni zinazozisukuma zimesogea, ama kuna mahali panavuja. Pedali inayobonyea kama sponji ni habari nyingine: hewa imeingia. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki, na kuongeza hakuiondoi.

"Mafuta ni mafuta." Wapo wanaomimina ya injini. Hayo huvimbisha mipira ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na ya breki za magurudumuni, breki zikakwama au zikavuja, na hapo utabadilisha mipira yote. Soma kifuniko cha kopo, aina ya mafuta imeandikwa hapo: DOT 3 au DOT 4. Hizo na DOT 5.1 ni jamii moja, zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki nazo kabisa. Waliopanga namba hizo hawakumwonea huruma mnunuzi.

"Hayazeeki." Wanaoshuka mteremko wa Ngomo kwenda Kamanyola wasikilize hapa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, nasi mvua hatuna uhaba nayo. DOT 4 mpya hutakiwa isichemke kabla ya 230°C; ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155°C. Kwa DOT 3 ni 205°C, kisha 140°C. Sasa mteremko mrefu, gari limejaa mizigo, mguu hautoki kwenye breki: joto la diski linafika kwenye mafuta, maji yanageuka mvuke, pedali inazama hadi chini. Gari likipoa, breki zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, dereva anasema amerogwa. Watengenezaji wengi wanataka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Na ile chupa iliyofunguliwa mwaka jana, ikabaki rafuni, usiitumie.

"Anza gurudumu la nyuma kulia." Hapa ni kutoa hewa kwenye breki, gurudumu moja moja. Kwa kawaida unaanza na lililo mbali zaidi na masta silinda, ambayo hukaa upande wa dereva. Volani ikiwa kushoto, sawa, ni nyuma kulia. Lakini magari mangapi hapa yametoka Japani na volani kulia? Kwa hayo ni nyuma kushoto. Mengine yana mpangilio wao kitabuni, ufuate huo.

"Kanyaga haraka haraka." Kasi huikatakata hewa ikawa povu. Egesha pasipo mteremko (Kadutu utapatafuta), zuia magurudumu. Mwenzako akanyage taratibu, ashikilie. Wewe fungua skrubu ya kutolea hewa robo mzunguko, funga, ndipo aachie. Akiachia mapema, hewa inavutwa tena ndani. Gari likiwa la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali: ikifika sakafuni, mipira ya masta silinda hupita penye kutu na kuchanika. Kopo likikauka katikati ya kazi, mnaanza upya.

"Lenye ABS halifanyiwi nyumbani." ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki. Kutoa hewa kwenye gari lenye mfumo huo mara nyingi hufanyika vilevile. Ila hewa ikishaingia ndani ya kifaa chenyewe cha ABS, magari mengi huhitaji mashine ya uchunguzi ya kuzifungua valvu zake, na ubao wala mwenzako havitasaidia.